Mwaka wa Kipande cha Lami

Shangazi Nyangi tulimzika Jumanne, na Jumatano asubuhi, kabla maturubai hayajashushwa, Robi aliniuliza kama bado ninaweza kushuka mlima kwa kibao cha magurudumu. Nilikuwa nimekaa kwenye kitanda changu cha zamani, katika chumba cha nyuma ya mgahawa wake Shangazi, nikitafuta sababu ya kuondoka siku hiyo hiyo. Chumba hakikuwa kimebadilika. Dirisha lake moja bado lilitazama ukuta wa choo, na upande wa pili, kati ya kitanda na mgahawa, kulikuwa na mbao zile zile nyembamba zilizobandikwa kalenda za zamani kuziba nyufa. Mwaka niliokaa humo baada ya kumaliza chuo nilikijua kijiji chetu cha Nyamwaga chote kwa sikio. Nilijua nani anapenda chai isiyo na sukari na nani anamdanganya mkewe kwamba yuko Sirari, mpakani. Watu walidhani mbao zile ni ukuta. Mimi nilizisikia zikiongea tangu alfajiri, Shangazi alipowasha jiko la kuni na kupiga sufuria kwa mwiko ili nijue kumekucha, kana kwamba kulikuwa na kitu cha kuniamsha.

Nilikuwa na shahada ya ualimu. Cheti kilikaa chini ya godoro ndani ya mfuko wa nailoni, na simu ilikaa dirishani, mahali pekee palipokuwa na mtandao. Kila siku niliingia mtandaoni kutafuta orodha ya ajira, na kila siku orodha haikuwa na jina langu au haikuwepo kabisa. Wakati huo nilikuwa na maswali kuhusu kila kitu. Kwa nini mgeni apewe kiti na mwenye nyumba asimame? Kwa nini tumsalimie shikamoo mtu tunayejua ni mwizi wa ng'ombe? Shangazi alinisikiliza huku akichambua mchicha, halafu akasema, "Bhoke, maswali yako ni mazuri. Sasa nenda kateke maji." Sikuwa mfungwa wa mtu yeyote. Hilo ndilo lililonichosha zaidi, kwamba hapakuwa na wa kumlaumu. Milango yote ilikuwa wazi na sikuwa na pa kwenda.

Mwaka ule ndipo ilipokuja lami. Siyo barabara nzima. Mkandarasi, kwa sababu ambayo hakuna aliyewahi kunieleza nikaridhika, alianzia katikati. Aliweka lami kwenye mlima wetu tu, kutoka mbele ya mgahawa wa Shangazi hadi kwenye daraja dogo la chini, kisha mitambo ikaondoka. Kilikuwa kipande kinachoanza kwenye vumbi na kuishia kwenye vumbi, cheusi na laini, chenye kona mbili kati. Wazee walisema wameanza na pagumu. Madereva walisema hela imeisha. Mimi nilisimama pale juu asubuhi ya kwanza nikawaza kwamba mtu ametujengea barabara inayotoka kwetu na kwenda kwetu.

Robi ndiye aliyekijua kipande kile kabla ya wengine. Alikuwa na miaka kumi na tisa, binti wa wakulima wa ndizi wa mlima wa juu, na kazi yake ilikuwa kushusha mikungu hadi darajani, ambako malori ya wanunuzi yalikuwa yakisubiri. Watu wote walishusha kwa vibao, ubao mnene wa mkaratusi uliofungwa beringi nne zilizookotwa gereji, mtu anakaa nyuma ya mzigo na kuongoza kwa kamba. Robi alisimama. Aliweka mkungu mbele, mguu mmoja juu ya ubao, na mguu mwingine, uliovaa katambuga ya tairi la lori, aliuburuza kwenye lami kila kona ilipokaribia. Beringi zilipiga kelele kama bati linalokatwa. Ukizisikia kutoka chumbani kwangu ulijua ni saa mbili kamili. Kisha kimya, halafu baada ya nusu saa anarudi juu kwa miguu, ubao begani, jasho shingoni, anaingia mgahawani na kukaa kwenye kiti kilicho karibu na jiko.

Kiti kile hakuna aliyekikalia isipokuwa yeye. Na chakula chake kilikuwa tofauti. Mimi, mtoto wa kaka yake Shangazi, nilipewa ugali wa udaga wa muhogo na mchuzi wa kunde. Robi alipewa bakuli la kichuri, lenye vipande vya utumbo vinavyoelea na ule uchungu wa nyongo ambao mtu anajifunza kuupenda, na juu yake kikombe cha maziwa mgando. "Kwa nini yeye nyama na mimi kunde?" niliuliza siku moja, nikicheka, maana nilidhani ni mzaha. Shangazi alifuta meza. "Yeye anafanya kazi ya miguu. Wewe unafanya ya mdomo."

Jibu kamili nililisikia kupitia ukuta, mchana wa mvua, mgahawa ukiwa mtupu isipokuwa Shangazi na Mzee Magige, ambaye ndiye aliyeongoza ritongo la kijiji chetu, mkutano unaoamua mambo ambayo serikali inayaacha. Niliwasikia wakinywa chai. Kisha Mzee Magige akasema, "Kwa hiyo kwao Robi wamekubali."

"Kwao wamekubali. Nimewaambia sitamchukua kwa nguvu. Yeye mwenyewe aseme."

"Na akisema hapana?"

"Mlango wangu utafungwa siku nitakayokufa. Itakuwa nini? Si wa kwanza."

Kwetu mwanamke mwenye mji wake, asiye na mtoto, anaweza kuoa. Tunaiita nyumba ntobhu. Anatoa ng'ombe kama mwanamume anavyotoa, anamleta binti nyumbani kama mkamwana, binti anazaa na mwanamume atakayempenda, na watoto wanaitwa wa nyumba ile. Niliyajua hayo tangu utotoni kama ninavyojua jina la mto. Lakini siku ile, nikiwa nimelala na kichwa kwenye mbao, niliona kichuri kile kwa macho mapya, na nikaona aibu na hasira. Nilikuwa nimesoma kozi mbili nzima kuhusu mambo kama haya. Nilikuwa na maneno tayari, na hayakuwa na kazi nyingine yoyote.

Kesho yake nilimsubiri Robi darajani. Nilimuuliza bila kuzunguka, "Umeulizwa?"

"Nimeulizwa."

"Ukasemaje?"

Alikuwa anafungua kamba za mkungu. "Nimesema wanipe mpaka baada ya mashindano."

Mashindano yaliletwa na binamu yangu Chacha, wa upande wa Kenya, aliyekuwa akiishi Nairobi na kuzunguka na kundi la vijana wanaoteremka milima juu ya mbao ndefu zenye magurudumu laini, wanazoziita longibodi. Alikuja kutusalimia mwezi wa nne, akaiona lami, akasahau kumaliza chai yake. "Cuzo, hii hill ni noma!" alisema. "Hakuna magari, hakuna matuta. Inaishia wapi?"

"Kwenye vumbi."

"Poa sana. Vumbi ndiyo breki."

Alimpa Robi longibodi ajaribu. Nilikuwepo. Hakuanguka hata mara moja. Ile ya Chacha haikupiga kelele kama beringi, ilivuma tu, na Robi alivyopita kona ya pili ameinama, mkono mmoja karibu unagusa lami, Chacha aliacha kupiga picha akashika kichwa. Ndipo alipotuambia kwamba kundi lao lilikuwa linatafuta msichana mmoja wa kumchukua akae Nairobi mwaka mzima, afundishwe ili naye afundishe wengine. Wangekuja kufanya siku ya mteremko kwetu, wakaribishe kila mtu wa Sirari, wa Nyamongo, wa popote, na wamchague siku hiyo. Kwa hiyo mambo ya Robi yalikuwa wazi kama kipande kile cha lami. Akichaguliwa, anaondoka. Asipochaguliwa, anamjibu Shangazi. Kati ya wote walioshuka mlima ule sikumwona aliyemkaribia. Alichohitaji ni kushuka tu.

Siku hizi, nikiwafundisha wanafunzi wangu kule Nkasi, huwa nawaambia waulize. Siwaambii kwamba kuna mahali pa kuuliza. Sijui namna ya kufundisha hilo bila kuonekana nimeshindwa.

Ritongo lilikaa kwenye uwanja wa josho, watu wakiwa wamekaa kwenye kuta za saruji ambako ng'ombe hupitishwa. Wazee mbele, vijana wamesimama, wanawake wenye miji yao kwenye benchi la pembeni. Mimi nilikaa nyuma ya Shangazi. Chacha alieleza kofia, glavu, na watu wa kusimamisha magari. Mzee Magige alisikiliza mpaka mwisho. "Kijana, hiyo kofia inazuia lori?"

"Hapana, mzee. Inazuia kichwa kisipasuke."

"Kwa hiyo kichwa kitabaki kizima, kiletwe kwa mama yake bila mwili." Watu walicheka, na nikajua amekubali, maana asingekubali asingetania. Lakini aliweka sharti. Kila anayeshuka ataandikwa daftarini na nyumba yake, na mtu wa nyumba hiyo atasimama aseme ndiyo, ili akivunjika mguu ijulikane nani atambeba, nani atamlisha, nani hatamlaumu jirani. Kwa kila jina nyumba itasimama mara moja. Ikishasema, imesema. Hilo la mwisho nililisikia, kama mtu anavyosikia tangazo la redio akiwa anaosha vyombo.

Wakaanza kusoma. "Matiko." Baba yake akasimama, ndiyo. "Wambura." Mama yake, ndiyo. Jina langu likasomwa pia, jambo lililonishangaza, na Shangazi akasema ndiyo bila kugeuka. "Yuko nyumba yangu," alisema, na mwandishi wa ritongo akaandika. Kumbe alikuwa amenitaja yeye mwenyewe. Sikuwahi kumuuliza kwa nini.

"Robi."

Kaka yake mkubwa alikohoa. Alisimama nusu. "Huyu sisi tumeshaongea na watu. Tukisimama tena tutakuwa tumesimama kwenye mlango wa mwingine." Akakaa. Robi alikuwa amesimama karibu na lango la josho, katambuga miguuni, anatazama chini. Wazee waligeuka kutazama benchi la wanawake, taratibu, na mimi niliyaona yale macho yote yakielekea kwa Shangazi, nikaona jambo moja tu, kwamba wanamkabidhi binti wa watu hadharani, kwa kisingizio cha mchezo. Nikasimama kabla sijajua nimesimama.

"Robi si wa nyumba yoyote," nilisema. "Ni mtu mzima. Ana akili zake. Atajisimamia mwenyewe."

Mzee Magige hakukasirika. Nakumbuka hilo vizuri kwa sababu nilitaka akasirike. "Mwalimu, umesimama kwa nyumba ipi?"

"Kwa nafsi yangu."

Vijana walicheka. Mmoja akamwambia mwenzake, "Eeh, mura, nafsi!" Mzee akangoja wamalize. "Na nafsi yako asubuhi ilitokea mlango upi?"

"Mlango wa Nyangi."

"Basi nyumba ya Nyangi imeshasema kwa mdomo wako. Binti hana nyumba." Akamgeukia mwandishi. "Ruka."

Ilikuwa fupi hivyo. Chacha alinitazama kama mtu aliyeona glasi ikidondoka. Nilianza kusema kwamba sikumaanisha, kwamba mimi siwezi kuwa mdomo wa mtu mwingine, kwamba hiyo si haki, na yote yalikuwa kweli, na jina lililofuata lilikuwa limeshasomwa. Robi alitoka langoni bila haraka.

Jioni Shangazi alikata vitunguu. Alikata vingi kuliko tulivyohitaji. Nilikaa kwenye kigoda nikimsubiri anifokee, na alipoongea, aliongea na kisu. "Nilikuwa nasimama," alisema. "Nilikuwa nimeshaweka fimbo chini nisimame."

"Ungesema ni wako. Angekuwa amefungwa pale pale."

"Ningesema ninamsimamia siku ile ya mteremko. Nilimwambia tangu mwezi uliopita. Nilimwambia, nitakusimamia ushuke, wakikuchukua nenda, wasipokuchukua uje tuongee." Alifuta macho kwa kiwiko, kwa ajili ya vitunguu au vinginevyo. "Wewe hukuuliza. Unauliza kila kitu, hilo hukuuliza."

Nilienda kwa Mzee Magige asubuhi yake, nikamwamkia shikamoo, nikamwomba walirudishe neno lile. Alinikaribisha uji. Alisema neno la ritongo likirudishwa kwa sababu mtu amejuta, basi kesho kila mwenye kujuta atakuja na kikombe chake. Nikamwambia ni sheria ya ovyo. Akasema inawezekana, na akaniongezea uji.

Siku ya mteremko ilikuwa nzuri, na hilo pia sikulisamehe. Walikuja watu kutoka Kerende na Nyanungu, walikuja Wakenya wawili wenye nguo za ngozi, akina mama waliuza ndizi za kuchoma pembeni ya kona ya pili, na kila mshukaji aliposimama kwenye mstari wa chokaa mwandishi aliuliza, "Nyumba?" naye akaitaja kwa sauti, na watu wa nyumba hiyo wakapiga kelele. Robi alipewa kazi darajani. Alishika kitambaa chekundu kusimamisha magari na kuwapokea walioshindwa kufunga breki pale lami inapoishia. Mimi nilishuka. Sikutaka, lakini jina langu lilikuwemo, na nilifikiri kukataa kungekuwa uoga mwingine. Mwandishi alipouliza nilinyamaza, na mtu nyuma yangu akajibu, "Nyangi!" Nilishuka nimekaa juu ya kibao kama gunia, huku watu wakicheka, na kona ya pili niliipita kwa bahati tu. Kwa muda mfupi, labda pumzi tatu, sikuwaza orodha wala chumba wala kitu chochote. Kisha nikaona vumbi linakuja. Robi alitupa kitambaa, akanidaka mabega, tukaanguka wote wawili kwenye changarawe.

"Umefika, mwalimu," alisema. Akainuka, akaokota kitambaa, akaenda kumdaka mwingine.

Walimchagua msichana mmoja wa Sirari, aliyeshuka vizuri, siyo kama Robi. Chacha aliwaambia wenzake kuna mwingine, waende darajani wamwone. Walienda. Robi alishuka mara moja mbele yao, jioni, watu wakianza kutawanyika, na hata Mzee Magige alisimama kutazama. Lakini alishuka bila kuandikwa, na wale wageni walikuwa wameahidi mbele ya kijiji kufuata daftari. Walimpigia makofi. Wakamwachia kofia moja.

Wiki mbili baadaye, asubuhi, nilisikia kupitia ukuta kiti cha karibu na jiko kikivutwa. Robi alisema, "Mama, nimekuja tuongee." Shangazi alizima redio. Niliziba masikio kwa mto, mara ya kwanza mwaka ule.

Jina langu lilitoka kabla mwaka haujaisha. Nilipangiwa Nkasi, mbali kadiri mtu anavyoweza kupangiwa. Watu walikuja kunipongeza, wakachinja kuku, na Robi, ambaye sasa ndiye aliyewasha jiko, alinipakulia firigisi. Nilikuwa nimefunguliwa. Niliondoka na lori la ndizi, na nilipopita darajani na matairi yakaingia kwenye vumbi sikugeuka. Barua nilizoanza kumwandikia Robi zilikuwa za kueleza nilichomaanisha. Sikutuma hata moja.

Sasa alikuwa amesimama mlangoni mwa chumba kile, kitambaa cha msiba kichwani, akisubiri nimjibu. Mtoto wake wa kwanza ameanza darasa la kwanza. Watoto watatu wote wana jina la nyumba ya Nyangi, na jana walitupa udongo kaburini kabla yetu sote, kama inavyotakiwa. Tulitoka pamoja hadi kwenye mstari wa chokaa, ambao unapakwa upya kila mwaka, kwa sababu siku ya mteremko imebaki na yeye ndiye mwandishi wake. Alibeba longibodi mbili chini ya kwapa moja na daftari chini ya lingine. Lami sasa haiishii darajani. Inapita, inapanda upande wa pili, inaendelea mpaka isipoonekana.

"Ulinikasirikia?" nilimuuliza.

"Mwaka mzima." Alifikiri. "Halafu nikapata mtoto, nikakosa muda."

"Ulitaka kwenda? Siku ile?"

"Bhoke," alisema, bila ukali, "mimi nilikuwa nimeshafunga nguo."

Aliweka ubao chini, akaushikilia kwa mguu, akafungua daftari. Nilimwambia hakuna mashindano leo, tuko wawili tu, msiba haujaisha. Alisema sharti ni sharti, ukivunjika nitakubeba kwa jina lipi? Akaandika Bhoke, kwa mwandiko wa taratibu. "Nyumba?"

Nilikuwa na jibu. Nadhani nilikuwa nimelibeba tangu Nkasi, kwenye mabasi yote yale. "Ya Robi," nilisema.

Alitabasamu, kisha tabasamu likaondoka. Alifunua kurasa nyuma, moja, mbili, nyingi, kama mtu anayetafuta kitu anachojua hakipo. "Hiyo haimo humu," alisema. "Hata wanangu hawajaandikwa hiyo." Akarudi kwenye ukurasa wa leo, akasubiri, kalamu juu ya karatasi. Chini kule lori la ndizi lilikuwa linapanda, akaliacha lipite.

"Nyangi," nikasema.

Akaandika. Akafunga daftari, akaacha mguu wake wenye katambuga mbele ya gurudumu langu mpaka niliposimama sawa, halafu akautoa.